Jinsi ya Kulima Mwani Sebuleni Bila Kukanyaga Bahari

Akina mama wa Paje na Jambiani hulima mwani kwa kufuata maji. Bamvua likifika na bahari ikapwa mpaka mbali, utawakuta wameinama juani na vigingi vyao na kamba zao, wakifunga kitawi baada ya kitawi. Wiki 6 hivi baadaye huvuna, wakijaliwa. Wasipojaliwa maji hupata joto, kotonii, mwani wanaoupanda, ikageuka nyeupe, ikameguka na kuondoka na mkondo, kamba zikabaki tupu. Kilimo hicho kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, na tangu hapo hakijawahi kuwa chepesi.

Wakati huohuo, katika sebule za Dar es Salaam, Nairobi, Muscat na Toronto, kuna watu wanaovuna mwani kila wiki bila mbegu, bila kigingi na bila kulowa kupita kiwiko. Hawakukusudia. Walinunua tangi dogo la kioo, wakatia maji ya chumvi, wakataka matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale ambao dunia nzima imewajua tangu sinema ya Nemo ilipotoka mwaka 2003. Wakapata mwani. Mwongozo huu unaeleza walichofanya, ili na wewe usikose.

Anza na shamba. Wazoefu watakushauri uchukue tangi la lita 200 au zaidi, kwa kuwa maji mengi hubadilika polepole na hukupa nafasi ya kuligundua kosa lako kabla halijaua. Wewe chukua la lita 40. Linaenea juu ya kabati la televisheni, linauzwa pamoja na taa yake, na muuzaji atakuapia kuwa limetengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Uzuri wa lita 40 ni kwamba ndani yake hakuna kosa dogo. Samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe Ijumaa usiku, Jumapili una shamba.

Liweke dirishani, upande wa jua. Matumbawe hupenda maji ya nyuzi 25 au 26, na joto la Februari la Dar es Salaam halijasoma mwongozo wowote. Maji yakishinda juu ya nyuzi 30 siku kadhaa, matumbawe huanza kuvitema vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yao na kubaki meupe. Mwaka 1998 yalifanya hivyo baharini, Kenya na Tanzania, maeneo makubwa kwa mkupuo mmoja, na mengi hayakupona. Hakuna sababu kioo chako kisipate mwaka wake.

Tangi lisilo na kifuniko hupoteza maji kila siku, lakini chumvi haipandi na mvuke. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji. Tangi lililosahauliwa wiki nzima huzipita bila kelele. Mfugaji makini hujaza pengo kwa maji yasiyo na chumvi. Wewe jaza kwa maji ya chumvi, maana tangi si la maji ya chumvi? Matumbawe yakifa, usiyatoe haraka. Ni mbolea.

Maji yenyewe ni mtihani kwa mtu wa pwani. Unakaa Kigamboni, usiku unayasikia mawimbi kitandani, na bado unalipia ndoo ya chumvi ya bahari iliyopakiwa Ulaya na kuletwa kwa meli juu ya bahari hiyohiyo. Usicheke sana. Chumvi ile ikichanganywa na maji safi hutoa maji ya kuaminika. Hata kuchota baharini si ujinga, mradi uchote mbali na mji, maji yakiwa yamejaa. Mkulima wa mwani huchota karibu na Daraja la Salenda katikati ya masika, pale Msimbazi unapoikabidhi bahari kila kilichosombwa mjini.

Ukiwa umenunua ndoo ya chumvi, ichanganye na maji ya bomba. Wenye tamaa ya matumbawe hununua mtambo wa utando unaochuja maji mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka (TDS) kisome sifuri. Maji ya bomba hayasomi sifuri. Huweza kuwa na nitrati kidogo, fosfati kidogo, silika kidogo, yaani kila anachohitaji mkulima, na yanakufuata mpaka jikoni. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi yake tayari. Wapo wanaoona ni punguzo la bei.

Hatua inayofuata ni kusubiri, kwa hiyo iruke.

Nieleze unachokiruka. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mwani huishangilia. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye mawe na mchanga. Mwenye subira hutia mawe na tone la amonia, akapima, kisha akakaa kutazama tangi lisilo na kitu huku wageni wakimuuliza samaki wako wapi. Mtu wa namna hiyo hafai kwa kilimo. Wewe nunua samaki wote siku moja, tena uombe nyongeza.

Kuhusu mawe, historia inawaumbua kidogo wapenda mitambo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake, maji ya bahari na mapovu ya hewa. Kichujio hakuwa nacho. Baadaye Wajerumani waliongeza mashine ya povu, inayokamata uchafu kwenye viputo na kuutoa nje kabla haujaoza, mtindo huo ukaitwa wa Berlin, na mpaka leo kichujio kikuu ni mawe. Wewe usiende kuyang'oa Kisite wala Chumbe. Hizo ni hifadhi, na matumbawe magumu ya dunia nzima yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Kuvuka nayo mpaka bila karatasi ni kesi. Nunua mawe makavu. Yanakuja matupu, hayana kiumbe hata kimoja cha kushindania nafasi, na uwanja mtupu ndio anaoutaka mkulima.

Tumefika kwenye mbolea, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanaolalamika kwamba mwani umewashinda hulalamika huku wameshika kijiko cha chakula.

Wafugaji husema tumbo la samaki halizidi jicho lake. Maelekezo ya kulisha yameandikwa na mtu anayeuza chakula. Kati ya hayo mawili ndipo kilimo kinapostawi. Samaki wa tangi amekwisha kujifunza kwamba kivuli kikisogea kwenye kioo, riziki imefika, hivyo atakuja mbio akijitingisha hata kama amekula dakika 10 zilizopita. Mlishe. Baba akirudi kazini alishe, kwa kuwa tangi ni lake. Watoto walishe, kwa kuwa wanafundishwa kupenda viumbe. Dada wa kazi alishe, kwa kuwa aliambiwa asisahau. Shemeji aliyekuja kwa siku 2 alishe, kwa kuwa ameona kwa macho yake kwamba katika nyumba hii samaki wana njaa. Kisicholiwa kinazama nyuma ya jiwe, kinaoza, na nitrojeni na fosforasi zilizokuwamo zinarudi majini tayari kwa matumizi. Mwenye moyo mkubwa zaidi atumbukize kipande kizima cha chakula cha barafu pamoja na majimaji yake, bila kusuuza. Majimaji yale yangekuwa duka la pembejeo yangeuzwa kwa chupa.

Mmarekani Alfred Redfield aliona katika miaka ya 1930 kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini vina nitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribia 16 kwa 1, na kwamba maji ya kina kirefu yana uwiano huohuo. Wafugaji wa matumbawe wameishika namba hiyo kwa imani kubwa kuliko aliyokuwa nayo mwenyewe. Wengi hupenda nitrati iwe kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Shamba zuri la sebuleni lina nitrati 50, na fosfati ambayo rangi yake haimo kwenye kadi ya kipimo.

Au lina sifuri, na hapo ndipo watu wenye akili zao hupotea. Mawe yamevaa nywele za kijani zinazotosha kusukwa, na kipimo cha fosfati kinasoma sifuri. Mwenye tangi anakipiga picha, anawatumia rafiki zake: maji yangu masafi, sijui tatizo liko wapi. Maji ni masafi kwa sababu mwani umekwisha kula. Kipimo huhesabu kilichobaki majini. Kilicholiwa kiko kwenye jiwe, kina urefu wa sentimita 5, na kinapunga mkono.

Taa iwake tangu wa kwanza anapoamka mpaka wa mwisho anapozima televisheni. Matumbawe hutosheka na saa 8 au 9 za mwanga mkali. Mwani ukipewa 16 hautarudisha chenji. Chagua mwanga mweupe unaoelekea unjano, kwa kuwa unapendezesha samaki. Ule wa buluu, ambao ndio unaopenya kina na ndio matumbawe yaliouzoea, huifanya sebule ionekane ukumbi wa disko na mama mkwe atauliza maswali. Umeme ukikatika, mfugaji hukimbilia pampu, kwa sababu maji yaliyosimama huishiwa oksijeni na samaki hufa kabla ya kitu kingine. Mkulima ana betri ya akiba pia. Ameiunganisha na taa.

Mavuno huja kwa zamu. Katika wiki za mwanzo mchanga hupata vumbi la kahawia. Hizo ni daiatomu, vijimwani vyenye ganda la silika, na silika umeziletea mwenyewe kwa ndoo. Huisha zenyewe silika ikipungua. Nunua chupa 3 za dawa, zitie kwa mpangilio, na vumbi litakapoondoka kwa wakati wake uisifu ile chupa ya tatu.

Kisha linakuja zao kuu, nywele za kijani. Sambamba nalo kuna punje za kijani zinazong'aa, Valonia, ambazo kila moja, hata ikilingana na zabibu, ni seli moja tu. Wakongwe wamekataza kuzipasulia ndani ya tangi. Kila anayeziona kwa mara ya kwanza huzipasulia ndani ya tangi.

Zamu ya tatu ni zulia jekundu linalong'oka kwa vipande, lenye viputo juu yake na harufu ya gati maji yakipwa. Watu huliita mwani mwekundu, lakini ni bakteria wanaotumia mwanga, jamaa wa wale walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Bila wao usingekuwepo wa kununua tangi. Waheshimu. Waachie kona moja ambayo mkondo wa pampu haufiki, ambapo mabaki ya chakula hulala, nao watajua pa kukaa.

Wanaofika mbali kabisa huvuna makamasi. Mtu amesoma kwamba fosfati ni adui. Akanunua chembechembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfati, akatia maradufu ya kipimo, akaacha kulisha, mpaka nitrati na fosfati zikafika sifuri ya kweli, si ile ya picha. Nywele zikafa. Akashukuru Mungu. Halafu nyuzi za ute wa kahawia zikaanza kuning'inia kwenye matumbawe, mchana zimejaa viputo, usiku zimepungua mpaka unadhani zimekwenda. Hao ni dinoflajeleti, na nyumba tupu ndiyo wanayoipenda. Baadhi yao wana sumu. Konokono akiwala anakufa. Njia mojawapo inayowapunguza ni kurudisha nitrati na fosfati kidogo kidogo mpaka vijidudu vingine vipate nguvu ya kushindana nao, kwa hiyo mtu aliyeshinda miezi akitoa mbolea sasa anaagiza mbolea, na anaipima kwa mililita. Sijaona ufugaji mwingine wenye mzaha mtamu kuliko huo.

Kila kilimo kina wadudu waharibifu, na wako ni konokono. Konokono wachache wa aina ya Trochus, wakiachwa usiku mmoja kwenye kioo, asubuhi utakuta barabara safi katikati ya zao lako. Tena Trochus ana ukaidi wa pekee: akianguka chali hujigeuza. Astraea aghalabu hawezi. Hubaki chali mchangani mpaka afe, na akifa unajua ni nini. Nunua Astraea. Ongeza kaa wale wanaoishi katika maganda ya kuazima, maana ganda likimpendeza kaa huyo na mwenyewe bado yumo, hujadiliana kwa koleo.

Usimlete tasi, ambaye wavuvi wa Kenya humwita tafi. Anapenda mwani hata wakulima wa Unguja humhesabu kuwa mwizi. Lakini ukiona hamu ya kumleta imekuzidi, mlete kwenye lita 40. Atasafisha mawe, atayaacha humohumo yote aliyoyala kwa njia nyingine, atakua, atakosa pa kugeukia, na mwisho wake utarutubisha msimu mzima. Kangaja naye ni vivyo hivyo. Wote hao ni samaki wa tangi ambalo mlango wako hauliingizi.

Yupo pia yule mnyama wa miiba mirefu myeusi ambaye kila aliyeoga Nungwi au Diani anamjua kwa unyayo. Baharini ni mfanyakazi hasa. Mwaka 1983 ugonjwa ulianza kuwaua jamaa zake upande wa Panama, ukaenea Karibi nzima na kuwamaliza karibu wote. Jamaica, ambako samaki walao mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa, mwani ukapanda juu ya matumbawe, na hayakurudi yalivyokuwa. Kwetu shida imewahi kuja kutoka mlango wa nyuma: kikande, mmoja wa wanaomla mnyama huyo, akivuliwa kupita kiasi, miiba hujaa na kuanza kuula mwamba wenyewe. Wote wawili, mwani na mla mwani, hutaka mtu wa kuwahesabu, na baharini mtu huyo alikuwa ni samaki.

Mwani wa sebuleni ulipata mkaguzi wa haki siku mama mmoja mkulima wa Jambiani alipokuja Dar es Salaam kumtazama mwanawe, akakaribishwa chai kwa jirani yetu mwenye tangi. Nilikuwepo. Baada ya shikamoo na marahaba alilizunguka tangi lile polepole, akainama, akatazama kwa chini.

“Baba, mwani huu mnamuuzia nani?”

“Hatuuzi, mama. Tunautoa tunautupa.”

“Na taa hiyo?”

“Ya matumbawe.”

“Na hicho wanachokula hao samaki?”

“Cha kuagiza, mama. Cha nje.”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Basi mmeupa kila kitu. Sisi kwetu hatuupi hata maji, na ukitukasirikia unaondoka.”

Akauliza kama humo mna kinachouma. Alipohakikishiwa hakuna, alikunja mkono wa baibui, akaingiza vidole viwili na kuanza kung'oa zile nywele kuanzia shinani, akizikusanya kiganjani zisitawanyike, kama anavyong'oa kwenye kamba zake ule mwani wa nyuzinyuzi unaopanda juu ya kotonii na kuinyonga. Jiwe la kwanza likawa jeupe kabla chai haijapoa. “Kwani huu hamuutoi?” akauliza. Jirani akamwonyesha rafu ya chupa.

Rafu ile inastahili maelezo. Dawa ya chupa hukufanya uamini kwamba mwani ni ugonjwa uliokupata, na mgonjwa halaumiwi. Antibayotiki huliondoa lile zulia jekundu kwa siku chache; na kwa kuwa wale wanaokusagia amonia nao ni bakteria, wakati mwingine huondoka pamoja. Flukonazoli, dawa ya fangasi za binadamu, kweli huudhoofisha mwani mmoja mkaidi uitwao Bryopsis, na mahali fulani yupo mfamasia aliyeulizwa dozi ya mgonjwa wa lita 40. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ikipakwa kwenye jiwe lililotolewa nje huunguza nywele. Kulifunika tangi siku 3 gizani huumiza baadhi ya haya makundi. Zote hufanya kazi, na karibu zote huua mwani ndani ya maji yaleyale ulimoota. Mwani uliofia majini huachilia ulichokula, na mbegu ya msimu ujao inakuta meza imeandaliwa.

Wanaotaka kulifilisi shamba hawahitaji rafu. Wanang'oa kwa mkono kabla ya kubadili maji ili vipande vitoke na ndoo. Wanabadili asilimia 10 kila wiki kwa maji yanayosoma sifuri. Wanalisha chembe chache mara moja kwa siku, na kopo la chakula linafungiwa kabatini, ufunguo mfukoni, shemeji akasirike. Wanageuza pampu ili pasiwe na kona iliyokufa, wanapunguza taa, wanamwaga kikombe cha mashine ya povu kabla hakijafurika. Kisha miezi inapita na hawafanyi kitu kipya, na hapo ndipo wengi hushindwa, maana kutofanya kitu hakuna risiti.

Wapo pia waliojisalimisha kwa akili. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Washington, alijenga mwamba wa matumbawe ndani ya makumbusho, na mwani akaupa shamba lake rasmi: wavu unaomwagiwa maji ya tangi chini ya taa kali. Ukijaa unakwanguliwa na kutupwa, pamoja na nitrati na fosfati ulizozibeba. Wafugaji wa leo huweka kisanduku chini ya kabati, wakawasha taa usiku, na ndani yake hukaa bonge la Chaetomorpha, mwani wa nyuzi ngumu zilizosokotana. Ukinenepa unakata nusu. Mwenye kisanduku hicho ndiye mkulima pekee wa sebuleni katika mwongozo huu anayejua kwamba analima.

Aina moja usiilime hata kwa utani. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia, mwani wa kijani wenye majani ya unyoya, ulionekana ukiota baharini chini ya Makumbusho ya Bahari ya Monaco, eneo dogo la kufunikwa na mkeka. Ulikuwa uzao wa matangini, uliozoea baridi kuliko ndugu zake wa maji ya joto. Ukaenea katika Mediterania maelfu ya hekta. Mwaka 2000 ukagunduliwa California, katika wangwa wa Agua Hedionda. Wakaufunika kwa turubai na kuutilia klorini, wakatumia zaidi ya dola milioni 7, na mwaka 2006 ndipo walipotangaza umekwisha. Kwa hiyo maji machafu ya tangi, mawe yaliyokushinda na samaki uliyemchoka visiende baharini wala kwenye mtaro unaoelekea baharini. Maji mwaga chooni. Mwani uanike juani mpaka ukauke, ndipo uutupe.

Ukishindwa kabisa na kilimo hiki, dalili zitakuja baada ya mwaka hivi. Umechoka kulisha, konokono wamenenepa, chupa zimepitwa na wakati na hukununua nyingine. Mawe yanaota madoa ya waridi na zambarau, magumu, yasiyong'oka kwa vidole viwili vya mtu yeyote. Wakongwe huyapiga picha madoa hayo na kuwavutia wageni kiti wayatazame. Nayo ni mwani: mwani wa chokaa, ambao baharini huufunga mwamba usivunjwe na mawimbi. Yale matumbawe ya kahawia yaliyoanza kutanuka nayo rangi yake ni ya vijimwani vilivyomo nyamani mwake, vinavyolipa kodi ya nyumba kwa sukari. Sasa unalima aina mbili kwa makusudi.

Tatizo ni kwamba ule wa waridi haujui mpaka. Unatoka kwenye mawe unapanda kioo, unavaa hita, unaingia ndani ya pampu mpaka iungurume. Kioo kikwangue kwa wembe. Tangi likiwa la plastiki angavu usithubutu wembe, utaacha michirizi isiyofutika. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda. Pampu iloweke kwenye siki usiku kucha, uisuuze vizuri, na usimwambie mtu yeyote nyumbani kuwa ile chupa ya siki si ya kachumbari.